Nyumba ya fremu ya mbao Tanga, hatua kwa hatua, isiliwe na mchwa wala isioze

Tulipobomoa nyumba ya marehemu bibi kule Pangani mimi nilipewa kazi ya kung'oa nguzo. Ilikua nyumba ya Kiswahili ya kawaida tu, miti ya mikoko, fito, mawe na udongo, ukumbi katikati vyumba huku na huku, baraza mbele, paa la makuti na baadae bati. Kuna kitu nikakiona pale mpaka leo hakijanitoka kichwani. Kila nguzo iliyokufa ilikatikia pale pale, usawa wa ardhi, kama kiganja kimoja juu na kiganja kimoja chini. Hapo imelika imebaki nyembamba kama mpini wa jembe. Alafu chukua kipande cha juu cha nguzo hiyo hiyo, kile kilichokaa chini ya paa miaka yote, ukikigonga na nyundo kinalia kama chuma, msumari unapinda hauingii. Mti ni mmoja, umekatwa siku moja, huku chini umekua unga na huku juu mzima kabisa.

Sababu ni kwamba kuvu wanaoozesha mti wanataka maji na hewa vyote kwa pamoja, na usawa wa ardhi ndo vinapokutana. Chini zaidi hewa hamna, juu zaidi maji hamna. Na mchwa nao njia yao ni hiyo hiyo wanatokea chini. Kwahiyo mtu akiniambia nyumba ya mbao Tanga haikai kwasababu ya mchwa na unyevu wa bahari namuelewa, ila namwambia tuangalie ilijengwaje pale chini na pale juu. Kule Norwei kuna kanisa la mbao linaitwa Borgund, mbao zake zilikatwa karibu mwaka 1180, lipo mpaka leo. Makanisa ya kabla yake waliyachimbia nguzo ardhini kama sisi, yakaoza yakaisha. Haya yaliyofuata wakayanyanyua juu ya mawe, nguzo zikasimama kwenye mbao zilizolala juu ya jiwe, ndo maana yamekaa.

Mimi nimejenga yangu upande wa Mwambani hapa Tanga, futi 24 kwa 32, vyumba viwili, sebule, stoo ndogo na baraza. Nitaandika nilivofanya na pale nilipokosea ili wewe usirudie. Vipimo nataja kwa futi na inchi maana ndo lugha ya mafundi wetu na ndo mbao zinavouzwa.

KABLA YA YOTE, RAMANI NA KIBALI

Usinunue hata ubao mmoja kabla hujaenda halmashauri na ramani mkononi. Uliza kabisa kiwanja chako kinaruhusu nyumba ya mbao au wanataka tofali, maana kuna maeneo ya mpango yana masharti yake. Na ramani mpe mtu anaejua mbao, sio achukue ramani ya nyumba ya tofali afu abadilishe ukuta tu. Mbao ina hesabu zake.

Hesabu ya kwanza ni ukubwa wa vitu vinavouzwa. Plaiwudi ni futi 4 kwa 8. Mbao ni futi 12. Sasa ukichora nyumba ya futi 23 na nusu kwa 31 utakata kila kitu na utatupa robo ya hela yako kwenye vipande. Chora kwa futi 2, 4, 8, 12. Yangu 24 ni mbili za 12, na 32 ni 12 na 12 na 8. Ukuta nimechukua mbao za kusimama za futi 8. Watu waliniambia nyumba fupi na joto la Tanga utaungua, ila angalia hesabu, ukikata futi 8 kwenye mbao ya futi 12 inabaki futi 4, na hiyo futi 4 unaikata mara mbili unapata vipande viwili vya inchi 22 vya kukaza katikati ya mbao za kusimama, inabaki kipande cha inchi 4 tu. Joto nimelitoa kwa njia nyingine nitaeleza kwenye paa.

Upande wa nyumba kuelekea wapi: kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini, fupi ziangalie mashariki na magharibi, kwasababu jua la asubuhi na la alasiri ndo linapiga ukuta moja kwa moja. Na madirisha yapangane, la huku na la kule, kaskazi ikivuma ipite, kusi ikivuma ipite. Ukuta wa mbao ni mwembamba haubaki na joto usiku kama tofali, saa tatu ya usiku ndani kumeshapoa, hii mimi naipenda kuliko kitu chochote kwenye nyumba hii.

Na jambo moja la mpangilio ambalo nasisitiza sana: choo, bafu na jiko vitoe nje ya fremu ya mbao. Wazee wetu jiko na choo vilikua uani na walijua wanachofanya. Mimi nimejenga banda la tofali nyuma lenye choo, bafu na jiko, limeungana na nyumba kwa njia yenye paa hatua nne tu, mvua hainyeshei mtu. Maji yote yanayomwagika kila siku na moto wote upo kwenye tofali, kwenye mbao hamna.

KUCHAGUA MBAO

Kwa Tanga tuna bahati. Lushoto kuna shamba la miti la Shume lina paina na sipresi, Muheza kuna Longuza lina mitiki. Paina za Sao Hill kule Mufindi nazo zinafika. Mimi fremu yote ni paina yenye dawa, baraza ni mtiki.

Paina bila dawa pwani usijaribu, italiwa. Mtiki ule moyo wake wa kahawia unajitegemea, ila ile nyama nyeupe ya pembeni haina tofauti na mti wowote, mchwa wanaila, kwahiyo ukiuziwa mtiki wa miti midogo wenye nyeupe nyingi umeuziwa jina. Mikoko usiende kununua kwa mtu wa vichochoroni, inalindwa na bila kibali ni kosa. Mbao yoyote dai risiti na hati ya kusafirishia ya TFS, wale wakala wa misitu, sheria ya misitu ni ya mwaka 2002 na wakikukuta na mzigo usio na karatasi hawakuulizi umeutoa kwa nani, unachukuliwa.

Sasa hapa kwenye dawa ndo nilipigwa. Mzigo wa kwanza niliuziwa mbao za kijani nzuri kabisa, naambiwa zina dawa ya mtungi. Dawa ya kweli inaingizwa kwenye mtungi wa chuma, wanavuta hewa yote itoke kwenye mbao afu wanasukuma dawa kwa presha, kama wanavofanya nguzo za umeme, ndo maana nguzo ya mkaratusi inakaa ardhini miaka. Nimefika site nikakata ya kwanza katikati, sio mwishoni, katikati. Ndani nyeupe kama nazi. Kijani kilikua kama unene wa kucha tu, zimechovywa kwenye maji ya rangi. Nikakata ya pili ya tatu hali ile ile. Muuzaji hakukubali kurudisha, zikaishia kuwa mbao za kumwagia zege. Kwahiyo wewe nenda na msumeno dukani. Mwambie muuzaji nalipia hii moja naikata hapa hapa, futi 3 kutoka mwisho. Paina iliyotiwa dawa sawasawa rangi inaingia ndani sana, pengine moyo tu ndo unabaki mweupe. Akikataa usinunue, ondoka.

Hii dawa ya kijani ya kawaida ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Vipande vilivyobaki USICHOME, usimpe mama ntilie akapikie, usiwape watoto, moshi na majivu yake ndo hatari yenyewe. Wakati wa kukata vaa barakoa, nawa mikono kabla ya kula. Na kila unapokata mbao ile sehemu mpya ipake dawa ya kupaka kwa brashi mara mbili kabla hujaifunika, fundi atakuona unamchelewesha, simama hapo hapo.

KUKAUSHA

Mbao ikitoka kwenye mtungi imelowa chapachapa. Na mbao za chensoo za mbichi nazo hivo hivo. Ukijenga na mbao mbichi itajikunja, msumari utalegea, mlango hautafunga. Panga chini ya kivuli, kutoka ardhini inchi 18, kila safu weka vijiti vya inchi moja kila baada ya futi 2, vijiti vinyooke juu kwa chini mstari mmoja, miisho ya mbao paka rangi isipasuke. Zangu zilikaa kuanzia mwanzo wa Disemba mpaka mwisho wa Februari, kaskazi ikafanya kazi.

Kujua imekauka usitumie macho. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya mbao, kipime kwenye mzani wa jikoni, tuseme gramu 260. Kiweke kwenye oveni joto la nyuzi 100 na kidogo, kila baada ya saa kadhaa unapima, mpaka uzito usishuke tena, tuseme imebaki 220. Tofauti ni 40. Gawanya 40 kwa 220, unapata asilimia 18. Chini ya 20 unajenga, juu ya hapo rudi ukasubiri. Chini ya 20 hao kuvu wa kuozesha hawawezi kazi. Kwa jaribio hili tumia kipande kisicho na dawa, ndani ya oveni ya chakula usiweke kitu chenye aseniki. Mimi niliomba kwa msambazaji wa pili mbao mbili zisizotiwa dawa za unene ule ule nikazilowesha na kuzichanganya kwenye rundo lile lile kwa ajili ya kupimia tu.

MSINGI

Hapa ndo nimetumia akili zangu zote na pesa nyingi kuliko nilivotegemea na sijutii.

Kwanza ondoa visiki na mizizi yote eneo la nyumba na futi kadhaa pembeni. Mafundi wana tabia ya kufukia vipande vya mbao kwenye msingi ili site ionekane safi, hiyo ni sawa na kuwaita mchwa kwa jina. Vyote vitolewe.

Nyumba yangu inakaa juu ya nguzo 24 za zege. Mistari minne kwa upana, futi 8 kati ya mstari na mstari, na kila mstari nguzo sita katika futi 32, yani nguzo na nguzo ni kama futi 6 na inchi 5. Kila nguzo ina kitako kipana chini kwenye udongo mgumu, nondo ndani, na inatoka juu ya ardhi futi 2 kamili kwa wastani, penye mteremko zaidi. Watu wanapenda futi 1 wapunguze gharama. Futi 2 ni ili binadamu aweze kuingia kwa tumbo na tochi, akaangalie. Nyumba ambayo huwezi kuingia chini yake hutajua kinachoendelea.

Kupata pembe mraba tumia uzi na 3, 4, 5. Futi 3 upande mmoja, 4 upande mwingine, mshazari ukiwa 5 kamili pembe ni sawa. Kwa nyumba kubwa fanya 9, 12, 15 ni sahihi zaidi. Alafu malizia kwa kupima kona mpaka kona za nyumba nzima, mishazari miwili lazima ilingane. Yangu ilitofautiana inchi na robo mara ya kwanza, tukatoa uzi tukaanza upya, nusu siku ikapotea ila kosa la msingini linakufuata mpaka kwenye bati.

Juu ya kila nguzo kuna kipande cha bati nene lililochovywa zinki, linatokeza inchi 2 kila upande na kukunjwa kuelekea chini nyuzi 45. Watu wanadhani hili bati linawazuia mchwa. Haliwazuii. Mchwa anajenga kijia chake cha udongo juu ya zege, akifika kwenye bati analazimika kulizunguka kwa nje, na hapo ndo wewe unamuona. Kazi ya bati ni kumtoa hadharani. Katikati ya nguzo panatoka bolti ya nusu inchi iliyozamishwa kwenye zege bado bichi, inapita kwenye bati na kushika bimu, hapo inapopita ziba na lami.

Bimu ni mbao za 2x8 (inchi 2 kwa 8) mbili zilizounganishwa, maungio yote yaangukie juu ya nguzo sio hewani. Juu ya bimu boriti za 2x6 kila inchi 16, zinaruka futi 8 tu kila moja, sakafu haichezi. Juu yake mbao za sakafu.

KUTA

Kuta tunazitengeneza zikiwa zimelala kwenye sakafu, afu tunazinyanyua. Mbao ya chini inalala, ya juu inalala, katikati za kusimama kila futi 2. Mzunguko wa nyumba ni futi 112, gawanya kwa 2 ni 56. Ongeza mbili kila kona, 8. Ongeza mbili kila mlango na dirisha, nilikua navyo tisa, 18. Jumla 82, nikaongeza kumi za akiba maana kila rundo lina zilizopinda. Za ndani za vyumba hesabu peke yake.

Juu ya mlango na dirisha weka 2x6 mbili zimesimama kwa ubavu, hizo ndo lenta yako, zinabeba kenchi ya paa inayokaa juu ya uwazi. Zikae juu ya mbao za kusimama, zisining'inie kwenye misumari.

Misumari ya inchi 4 miwili kila kiungo, na iwe iliyochovywa zinki. Kuna sababu mbili, chumvi ya bahari, na ile shaba iliyomo kwenye dawa inakula chuma cha kawaida. Misumari myeusi ya kawaida ndani ya mbao ya dawa unaijengea kutu toka siku ya kwanza.

Kitu ambacho mafundi wengi wa tofali hawakijui ni kwamba fremu ya mbao za mraba peke yake ni kama kitanda kilicholegea, ukisukuma kona inalala. Lazima kuna kitu cha mshazari. Ama mbao ya 1x4 iliyochomekwa kwa mshazari kutoka kona ya juu mpaka chini ikakatiwa nafasi kwenye kila mbao ya kusimama, ama plaiwudi ya mm 12 ipigiliwe kwenye kona zote, misumari kila inchi 6 pembezoni na kila inchi 12 katikati. Mimi nimeweka plaiwudi kona zote nne na pembeni ya milango. Ukuta ukiwa bado umelala pima mishazari yake kwanza, ikilingana ndo upigilie plaiwudi, ukishapigilia hautanyooka tena.

Plaiwudi ikija site iwe ndani. Mimi karatasi nane zililala nje usiku mmoja wa vuli, asubuhi pembezoni zimevimba kama mkate.

Siku ya kunyanyua kuta niliita majirani, msaragambo wa asubuhi moja, vipande vyote tisa vimesimama kabla ya adhuhuri kisha pilau. Kila ukuta unaosimama shikiza kwa mbao ya muda mpaka sakafuni, angalia timazi, ndo uende mwingine. Mbao ya pili ya juu inalazwa kuunganisha kuta zote, maungio yake yasilingane na ya mbao iliyo chini yake, yapishane angalau futi 4.

BARAZA, NA ULIMI WA MTIKI

Hapa niruhusuni nikae kidogo maana ndo sehemu niliyojifunza kazi yenyewe. Ndani nimetumia misumari, ila baraza ipo wazi, inaonekana, na ndo uso wa nyumba. Seremala mmoja mtu mzima alinionyesha jinsi ya kuunga nguzo na bimu bila msumari wala bolti, ulimi na tundu.

Nguzo ni mtiki 6x6. Ulimi unachongwa juu ya nguzo, unene theluthi ya mbao, yani inchi 2, katikati kabisa, urefu wake inchi 4. Tundu linatobolewa kwenye bimu, unaanza na keekee matundu ya duara yakifuatana, afu patasi inasafisha kuta. Tundu liwe na kina zaidi ya ulimi kama robo inchi ili mabega ya nguzo ndo yakae kwenye bimu, sio ncha ya ulimi. Ukiingiza ulimi uingie kwa kusukuma na kiganja na kugonga kidogo, ukihitaji nyundo kubwa utapasua, ukiingia wenyewe umelegea.

Sasa siri iko kwenye kijiti cha kufungia. Unatoboa bimu tundu la inchi moja kupita kwenye nafasi ya ulimi. Unaingiza ulimi, unaweka alama ya tundu kwenye ulimi, unautoa. Alafu kwenye ulimi hutobolei pale kwenye alama, unatobolea nusu ya robo inchi karibu zaidi na bega la nguzo. Ukirudisha, matundu hayalingani sawasawa. Unachonga kijiti cha mti mgumu mkavu, ncha imechongoka, unapiga. Kijiti kikipita kinaivuta nguzo juu mpaka bega linabana bimu, unasikia sauti ya kiungo inabadilika kutoka ya tupu kwenda ya nzito. Mzee akaniambia sikiliza, akapiga pigo la mwisho, nikasikia. Mbao ikiendelea kukauka bado kijiti kinavuta. Kiungo hicho unaweza kukifungua baada ya miaka ukabadilisha nguzo moja bila kuvunja kitu.

Chini nguzo hizo haziingii kwenye zege. Zinakaa kwenye kikombe cha chuma kilichonyanyuka inchi 2 juu ya zege, maji yanapita hewa inapita. Mtu asije akakushawishi kumwagia zege kuzunguka mguu wa nguzo, ndo kuitia kwenye bakuli.

PAA

Mwezi wa nne mwaka 1872 kimbunga kilipiga Zanzibar na Bagamoyo, kikaangusha mikarafuu mashamba kwa mashamba. Hidaya ya Mei 2024 nayo wengi tunaikumbuka. Ni nadra ila vipo, na nyumba ya mbao ni nyepesi, upepo hauisukumi tu, unainyanyua. Kwahiyo kila kenchi ifungwe kwenye ukuta kwa mkanda wa chuma bapa unaopanda juu ya kenchi na kushuka kwenye mbao ya kusimama, ukuta ufungwe kwenye sakafu, sakafu kwenye bimu, bimu kwenye ile bolti ya nguzo. Mnyororo mmoja kutoka bati mpaka ardhini. Msumari uliopigwa kwa juu peke yake unachomoka kama jino bovu.

Kenchi zangu zipo kila futi 4, zimeungwa chini kwenye sakafu kwa kufuata mchoro mmoja ili zote zilingane, viungo vina vipande vya plaiwudi pande zote mbili. Ukuta wa katikati wa ukumbi unazisaidia kubeba. Mwinuko kama nyuzi 30.

Paa litokeze futi 3 pande zote. Futi 3, usikubali moja na nusu. Masika mvua inakuja kwa ubavu, paa likiwa fupi ukuta unaoga kila siku miezi mitatu. Bati la rangi nyepesi, juu ya kuta za pembeni acha matundu makubwa yenye wavu hewa ya moto itoke, na chini ya paa linapotokeza acha hewa iingie. Hivi ndo nimetoa joto lile. Gata pande zote, maji yaende kwenye tangi, yanayozidi yapelekwe mbali na nguzo.

NJE NA NDANI

Nje nimefunika kwa mbao za 1x8 zinazolaliana, ya juu inashuka juu ya ya chini inchi moja na zaidi. Ila hazijapigiliwa moja kwa moja kwenye fremu. Kwanza karatasi ya lami, afu vijiti vya inchi moja vilivyosimama, ndo mbao. Huo uwazi wa inchi moja chini upo wazi na wavu wa mbu, juu upo wazi. Mvua ikipenya nyuma ya mbao inashuka inatoka, kilichobaki hewa inakikausha. Usiweke nailoni ndani ya ukuta, hewa yetu ina unyevu mwingi, utaufungia ndani.

Ndani jipsamu bodi kuta zote, na sababu kubwa ni moto. Karibu moja ya tano ya uzito wa jipsamu ni maji yaliyofungwa ndani yake, moto lazima uyachemshe yaishe kwanza kabla haujaipata mbao nyuma, unapata dakika za kutoa watoto. Nyaya zote ndani ya mabomba, fundi umeme awe na leseni, breka ziwe za kweli na waya wa ardhi uwepo. Mahali waya unapita karibu na uso wa mbao ya kusimama weka kipande cha chuma mbele, msumari wa picha usije ukautoboa.

BAADA YA KUHAMIA

Ngazi ya nyuma nilifanya ya mbao kwa haraka, mguu wake ukagusa udongo. Masika ya kwanza tu nikaona kamstari ka udongo kamepanda kwenye mguu wa ngazi, kembamba kama kalamu, kana mikunjo midogo midogo, ukikagusa kana unyevu. Nikakavunja kipande cha kidole kimoja, wakamwagika wale weupe. Kesho yake asubuhi pale nilipovunja wameshaziba, udongo bado mbichi rangi nyeusi. Walikua wamebakiza inchi tano wafike kwenye bimu. Nikaing'oa ngazi yote, sasa ni ya zege na haijagusana na nyumba, kuna uwazi wa inchi 2 kati yake na sakafu.

Toka hapo kila mwisho wa mwezi naingia chini na tochi, wakati wa masika kila wiki mbili. Naanza nguzo ya kwanza kona ya upande wa banda la jiko, naangalia zege pande zote nne, naangalia ukingo wa bati, natoboa bimu kidogo na bisibisi kusikia ugumu, naenda ya pili, mpaka 24. Inachukua kama dakika arobaini. Kijana wangu wa miaka kumi na moja sasa anaingia na yeye, ana daftari, anaandika namba ya nguzo na tarehe, safari iliyopita alikikuta kijia kimoja nguzo namba 17, kimefika nusu ya zege.